Uaminifu wa fundi cherehani uko kwenye bahasha ya kianzio

Ramadhani ikishapita ishirini, mafundi waliofungua ofisi mwaka huu hawana haja ya kutambulishwa. Simu imezimwa, mlango umeegeshwa, na kijana wa kutia vifungo amewekwa nje aseme "fundi katoka kidogo". Nyuma yake ukutani kuna karatasi ya rangi yenye tunu za ofisi: Uaminifu, Ubora, Kumjali Mteja. Wadogo zangu, karatasi imependeza. Sasa niambieni, uaminifu wenu ni magauni mangapi?

1. Tunu iwe na idadi. Gauni la kawaida la kitenge, toka kukata mpaka kupiga pasi, ni kama saa mbili. Lenye bitana na zipu ya kuficha, saa nne. Ukifanya kazi saa nane kwa siku, mbili zinaliwa na kupima watu, marekebisho na umeme. Zimebaki sita. Mafundi wawili, kila mmoja wastani wa magauni mawili kwa siku, siku 25 za kazi kabla ya Idi: 100. Toa moja ya tano, maana ovaloki, mashine ya kuziba kingo za kitambaa, itakorofisha na mtu ataumwa. Daftari linafungwa kwenye 80. Anayekuja wa 81, hata akiwa mke wa mwenye nyumba, anaambiwa baada ya Idi. Ukishindwa kumwambia hivyo, chana ile karatasi.

2. Kianzio, ile hela anayoacha mteja kabla ya kazi, si chako. Hapa nakaa, maana ndipo tulipozama karibu sote, na wengi tunaona haya kusema. Uongo wa fundi hauanzii mdomoni, unaanzia kwenye droo. Tuseme ufundi wa gauni ni shilingi 40,000, mteja kaacha 20,000. Uzi, zipu na bitana vitakula 9,000. Ile 11,000 inaonekana kama faida, na siku hiyohiyo mwenye fremu anadai kodi, luku imeisha, nyumbani hakuna unga. Inaondoka. Wiki inayofuata unafungua mfuko wa mteja yule, kumbe na hela ya zipu imekwenda nayo. Unafanyaje? Unapokea oda mpya ili kianzio chake kinunue zipu ya huyu. Sasa una magauni mawili na hela ya nusu gauni. La tatu linapokelewa kuokoa la pili. Ramadhani kumi na tano inakukuta unapokea kazi kwa njaa ya kianzio, nafasi huna, na daftari la 80 limefika 130.

Hapo ndipo "njoo kesho" inapozaliwa. Mama wa watu anakuja mara nne, kila mara kwa nauli yake, na safari ya nne anakuta kitambaa kimekunjwa vilevile alivyokileta. Na kuna baya zaidi: tulizoea kukitia mkasi harakaharaka, hata paterni hatujaipanga, ili akija akute kimeshakatwa asiweze kukidai. Ndiyo, tulifanya. Tukauita ujanja wa mjini.

Dawa yake ni bahasha moja kwa kila oda, jina na tarehe juu. Kianzio chote kinaingia humo, kinatoka cha vifaa tu, na salio linakuwa lako siku gauni linapochukuliwa. Kodi na luku zilipwe na kazi zilizokwisha. Miezi miwili ya kwanza bahasha zitakutesa, kwa hiyo usifungue ofisi kabla hujaweka pembeni hela ya kodi na ya kula ya miezi mitatu. Najua hamtaki kusikia hilo.

3. Kitambaa kipimwe mbele ya mwenyewe, andika yadi, aweke saini. Vipande vinavyobaki virudi kwenye mfuko wake, hata kile unachokitamani kwa ajili ya kilemba cha binti yako.

4. Pamba iloweshwe na ikauke kabla ya mkasi. Kitenge sindano namba 14, shifoni 11, jinzi 16. Mnajua. Basi fanyeni.

5. Fundi mdogo alipwe kwa kila kipande kilichopita ukaguzi, siku ileile. Anayezungushwa hela hagombani nawe. Anasogeza tu urefu wa mshono kutoka milimita 2.5 hadi 4 amalize mapema aende zake. Ukitazama harakaharaka huoni tofauti. Mwenye gauni ataiona ukumbini, anapoinama kuokota hela za kutunza na mshono wa makalioni unafumuka. Kisha atakulaumu wewe, na ana haki.

6. Sare za harusi. Kamati ikikuambia watu 30, pokea 30 kwa orodha ya majina, vipimo vyote viingie ndani ya wiki moja, na kitambaa kitoke jora moja, maana jora la pili huja na rangi iliyopishana kidogo na picha haifichi. Halafu weka nafasi mbili tupu, zilipiwe na kamati tangu mwanzo, na hela yake hairudi zisipotumika. Zitatumika. Harusi Jumamosi, shangazi wa bibi harusi atatokea Alhamisi jioni, ametoka mkoani, hana habari na orodha yenu. Mpokee vizuri, mpe kiti, na pima kitambaa chake mbele yake kama wengine. Mara nyingi huwa kimepungua nusu yadi.