Shemeji, kabla hujamleta kijana Ureno

Shemeji, umeuliza kama uhamie Lisbon na mwanao kiziwi, na kama zile video za ishara mnazoangalia kwenye simu zitamfaa huku.

Video hizo ni za Brazili. Wao lugha yao ya ishara ni Libras. Hapa ni Língua Gestual Portuguesa, kwa kifupi LGP, na usidhani ni tofauti ya lafudhi tu. Libras ilichota Ufaransa, kupitia shule iliyofunguliwa Rio mwaka 1857. Ya hapa ina damu ya Uswidi: mwaka 1823 Mswidi Per Aron Borg alikuja kuanzisha shule ya viziwi Lisbon. Kwa hiyo kiziwi wa São Paulo na wa Porto wanaandikiana Kireno vizuri tu, lakini mikono haielewani.

Mwanao mwite surdo, yaani kiziwi kwa Kireno, inatosha. Surdo-mudo utalisikia sana kwa wazee; viziwi wenyewe wanalichukia, kama wenzao huko wasivyotaka kuitwa bubu. Mtaalamu wa matamshi ni terapeuta da fala. Neno fonoaudiólogo waachie Wabrazili.

Kwenye makaratasi mambo mazuri. Katiba inaitambua LGP tangu 1997, na zipo shule za serikali zinazofundisha kwa LGP pamoja na Kireno cha kuandika. Ila haziko kila mtaa. Utatafuta shule kwanza, nyumba baadaye, na kodi za Lisbon, shemeji, tusizungumze.

Mtaani sasa. Juzi kwenye kituo cha afya, jirani yangu kiziwi, mtu wa Cabo Verde, kaitwa jina kwenye kipaza sauti mara mbili, karani akaruka kwa anayefuata. Nikamgusa bega tukaenda dirishani. Karani ananiuliza mimi: anaumwa nini? Mwenyewe kasimama palepale! Jirani akavuta karatasi akaandika kwa herufi kubwa: mimi ni surdo, niulize mimi. Mkalimani hakuwepo, mara nyingi inabidi umwombe mapema.

Ukiamua kuja, beba majibu ya kipimo chake cha masikio, yatafsiriwe Kireno. Na Lugha ya Alama aliyojifunza shuleni huko asiiache. LGP ataipata haraka, ni mtoto. Wewe na mama yake mtakaa mwaka mzima hamjaijua, na jioni mtahitaji kuongea naye.