Camaro Z/28 ya 1969: usitume hela kabla hujajua kalibu ni ya 1/24 au 1/25

Mkuu, simama hapo hapo. Hela usitume.

Umeandika kwamba umepata seti ya gari dogo la plastiki la kuunganisha, Chevrolet Camaro Z/28 ya 1969, boksi jipya la kampuni ya Revell, muuzaji anasema ni "toleo jipya kabisa". Kwenye kapu umeshaweka injini ya resini ya skeli ya 1/25 (yaani urefu wa gari halisi umegawanywa kwa 25), shoo ya mbele (grili) ya bati jembamba ya 1/25 na stika za maji, zile za kulowekwa kabla ya kubandika, za 1/25, na vyote shemeji yako atavibeba akija kutoka Marekani. Halafu unauliza gundi gani, rangi gani, na kama uache boksi moja bila kulifungua lipande bei. Sasa rudi kwenye picha uliyoweka mwenyewe. Kona ya boksi imeandikwa 1/24. Maandishi madogo, lakini yapo. Kiwandani hawakukuficha kitu. Aliyekuficha ni huyo anayekuuzia, na ndiye huyo huyo anayekupendekezea vipuri vya 1/25 "vinavyoendana".

Haviendani. Usiniulize nimejuaje, ila nina bati za shoo za kutosha kuezekea banda la kuku.

Ipo hivi. Camaro ya 1969 inatoka kwenye kalibu mbili tofauti, yaani umbo la chuma ambamo plastiki inachongewa, ambazo leo zote zinaweza kukujia ndani ya boksi lenye jina la Revell. Moja ni ya zamani ya kampuni ya Monogram, 1/24. Nyingine ni ya Revell wenyewe, 1/25. Kampuni hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1986, na baada ya muda vitu vya Monogram vikaanza kutoka kwenye maboksi ya Revell. Gari moja, mwaka mmoja, jina moja, mchoro wa boksi unaofanana, lakini ndani karibu hakuna kipande kinachoingiliana na mwenzake. Ndiyo maana nasema kila siku: hununui boksi, unanunua kalibu.

Utasema 1/24 na 1/25 tofauti yake ni ndogo, asilimia nne tu. Chukua rula. Camaro halisi ina urefu wa inchi 186. Kwa 1/24 hiyo ni milimita 196.9, kwa 1/25 ni 189. Karibu milimita nane zimepotea. Upana ni inchi 74, yaani milimita 78.3 dhidi ya 75.2. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 108, yaani 114.3 dhidi ya 109.7. Na kwa ujazo, hiyo ya 1/24 ni kubwa kwa kama asilimia 13, ndiyo maana zikikaa rafu moja jicho linagundua kabla hujasema kitu.

Sasa tuweke hivyo vipuri vyako kwenye bodi hiyo. Injini ndiyo yenye unafuu. Mounti zake zitapungua kama milimita moja kufikia fremu, na feni itakaa mbali kidogo na rejeta. Milimita moja hapo ni sawa na sentimita mbili na nusu kwenye gari halisi, kwa hiyo pengo litaonekana, ila unaweza kuziba kwa kipande cha plastiki chini ya mounti na maisha yakaendelea. Shoo ya bati haina msaada. Itapungua milimita mbili mpaka tatu kwa upana, na bati halivutiki. Ukiiweka katikati, pembeni kote kunabaki ufa. Ukiisogeza upande mmoja, gari linakuwa na mdomo uliopinda.

Stika ndizo zinaumiza zaidi, kwa sababu unagundua mwishoni, rangi ikiwa imeshakauka. Z/28 ina michirizi miwili mipana juu ya boneti na juu ya buti. Mchirizi wa 1/25 ukiunyoosha vizuri mbele, nyuma karibu na kioo unabaki umepungua kama milimita mbili. Mtu anajaribu kuuvuta ukiwa umelowa, unakatika. Anajaribu kuunga kipande, kiungo kinaonekana hata chini ya vanishi. Dawa ni moja: michirizi ipulizwe kwa rangi. Pulizia kwanza rangi ya mchirizi, iache ikauke kabisa, bandika maskingi tepu uliyoikata kwa kupima boneti yako mwenyewe, kisha rangi ya bodi juu. Usipime kwa karatasi ya stika. Ukifanya hivyo skeli haikusumbui tena, na hizo stika za 1/25 usizinunue kabisa.

Halafu atakuja mjuaji hapa chini akwambie "chukua chesisi ya 1/25 uifunge chini ya bodi ya 1/24, ina maelezo mazuri zaidi." Msikilize, mshukuru, usifanye. Ekseli zimepishana milimita 4.6. Tairi la mbele ukiliweka katikati ya tundu lake, la nyuma linakaa mbele ya tundu, gari linaonekana kama limegongwa nyuma. Ukitaka kurekebisha itabidi ukate chesisi, uongeze milimita 4.6 katikati, halafu uongeze milimita tatu za upana, halafu sakafu ya ndani nayo haikai, na viti, na dashibodi. Kwa kazi hiyo bora ungenunua seti nyingine. Kinachohama kwa amani ni rimu tu. Rimu ya inchi 15 ni milimita 15.9 kwa 1/24 na 15.2 kwa 1/25. Hapo nani atajua.

Turudi kwa huyu wa "toleo jipya kabisa", maana maneno haya yamekula hela za watu wengi. Kwenye biashara hii yanabeba vitu vitatu visivyofanana. La kwanza, kalibu ya zamani, plastiki ile ile, mchoro mpya wa boksi. La pili, kalibu ya zamani iliyoongezewa stika mpya, rimu za ziada au injini ya pili. La tatu, kalibu iliyochongwa upya toka mwanzo. Hilo la tatu ndilo jipya, na ndilo adimu. Muuzaji akisema jipya, anamaanisha gundi ya boksi haijakauka.

Kwa AMT na MPC, majina mengine ya seti hizi ambayo leo yote yako chini ya kampuni ya Round 2, hadithi ina kona nyingine. Miaka ya sitini seti zilitoka kila mwaka sambamba na magari yenyewe, na mara nyingi kalibu ya mwaka huu ilikatwa na kurekebishwa ili itoe gari la mwaka unaofuata. Nyingine ziligeuzwa kuwa za mashindano: matundu ya tairi yakapanuliwa, bampa zikafutwa, vipande vya gari la dukani vikaondolewa. Ndiyo maana gari fulani la 1967 halirudi tena, au linarudi likiwa na makovu. Round 2 wamerejesha baadhi ya kalibu hizo kwa kuchonga upya vipande vilivyopotea, na kazi hiyo naiheshimu, lakini sehemu zisizoguswa zinabaki na uzee wake. Ukifungua ukakuta ekseli ni waya mmoja unaopita kwenye tundu lililotobolewa ubavuni mwa injini, na egzosi imechongwa pamoja na sakafu, ujue umenunua miaka ya sitini kwa bei ya leo. Sisemi ni mbaya. Nasema ujue.

Jambo jingine ambalo hukuuliza lakini litakuharibia: aina ya injini. Z/28 ya 1969 ni V8 ndogo ya inchi za ujazo 302, gia za mkono nne, haina kiyoyozi. Ile 302 ilikuwepo kwa sababu mashindano ya Trans-Am yalikuwa na kikomo cha 305. Boksi la SS 396, Camaro ya aina nyingine, lina injini ya familia nyingine kabisa, V8 kubwa, yenye tapeti kava (vifuniko vya juu ya injini) pana zaidi. Umeweka kwenye kapu resini ya 396. Ukiifunga ndani ya gari lenye beji ya Z/28, kila anayejua Chevrolet akifungua boneti atakucheka, na skeli haitakuwa na lawama hapo. Angalia pia sakafuni kwa dereva: Z/28 lazima iwe na pedali tatu. Zikiwa mbili, hiyo sakafu imeazimwa kutoka aina nyingine ya Camaro.

Na hakikisha bodi yenyewe ni ya 1969. Ya 1967 ina kioo kidogo cha pembetatu mlangoni, ya 1968 haina. Ya 1969 ina mikunjo inayotoka juu ya matundu ya tairi kwenda nyuma, na vijifereji vya wima mbele ya tairi la nyuma. Nimeona picha ya boksi ikiwa ya 1969 na bodi ndani ya mfuko ikiwa ya 1968, mtu kachanganya maboksi mawili ya mitumba.

Rangi: plastiki ikiwa nyekundu, usipulize rangi nyeupe au ya chungwa moja kwa moja, wekundu utapanda juu. Praima ya fedha kwanza. Kromu usiyoipenda, itumbukize kwenye Jik, dakika chache imetoka. Tairi laini za vinyl usiziache ziguse vioo ndani ya boksi, zinayeyusha plastiki.

Sasa fanya hivi leo kabla shemeji hajapakia begi. Mwandikie muuzaji akutumie picha tatu: ubavu wa boksi panapoonyesha skeli, chini ya chesisi palipochongwa jina la kampuni na mwaka, na bodi ikiwa imelala kwenye rula. Ikisoma karibu na milimita 197, futa vipuri vyote vya 1/25 kwenye kapu na ubaki na seti. Ikisoma karibu na 189, futa hiyo injini ya 396 peke yake. Akikataa kupiga picha ya rula, futa na yeye.