Kabla Hujalaumiwa kwa Taka za Mwingine: Kwa Mwanafunzi Anayekwenda Ujerumani

Wiki iliyopita niliandikiwa ujumbe na msomaji wa Morogoro aliyepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili nchini Ujerumani. Hakuniuliza habari za baridi wala za ada, bali alitaka kujua kama ni kweli kwamba mtu anaweza kukosana na majirani kwa sababu ya taka. Ni kweli, mdogo wangu, nami yalinikuta.

Nilipanga chumba katika jengo ambalo uani kwake palikuwa na mapipa ya rangi mbalimbali, na tangu nilipofika nilizisoma taratibu zake kwa makini. Hata hivyo, siku moja wazoataka waliliacha pipa la manjano bila kulimwaga, wakalibandika onyo, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na mabaki ya chakula na nepi. Jioni ile jirani mmoja aligonga mlango wangu, wala hakugonga mwingine, akanieleza polepole, kama anayesema na mtoto, kwamba katika nchi yao watu hawatupi taka ovyo. Sikuwa na mtoto, na hilo alilijua. Maneno yale yananiuma hadi leo. Niliazimia kuyajua mambo hayo kuliko yeye, na kufikia muhula uliofuata wanafunzi wapya, wakiwemo Wajerumani waliotoka miji mingine, walikuwa wakija kuniuliza mimi.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usikariri rangi, kwa sababu hutofautiana kati ya mji na mji, bali uliza nani anayelipia kila pipa. Tangu mwaka 1991 sheria ya Ujerumani imewabebesha wazalishaji na wauzaji wa bidhaa jukumu la vifungashio vyao, na pipa la manjano, au mfuko wa manjano, ni la vifungashio hivyo. Pipa la taka zisizorejelezwa, ambalo mara nyingi ni jeusi au kijivu, hulipiwa na wakazi wenyewe kupitia gharama za nyumba. Kwa hiyo pipa la manjano likichafuliwa, linaweza kuzolewa kama taka za kawaida kwa malipo ya ziada, na wapangaji wote wakabebeshwa gharama hiyo. Ukilielewa hilo utaelewa pia kwa nini kopo la mtindi huingia humo huku ndoo ya plastiki iliyovunjika ikikataliwa katika miji mingi: ndoo si kifungashio. Kopo hilo huna haja ya kuliosha. Limalize tu, kisha ubandue kifuniko chake cha alumini.

Boksi la piza lililolowa mafuta halifai katika pipa la karatasi, wala risiti ya dukani. Mabaki ya jikoni yanayokwenda katika pipa la taka zinazooza yafunge katika gazeti, usiyatie katika mfuko wa plastiki.

Kuhusu chupa, aliyekulia karibu na duka lenye kreti za soda, ambako hupewi soda ya kuondoka nayo bila kuacha chupa tupu au amana, hatapata taabu. Chupa za plastiki za kutumika mara moja na makopo ya vinywaji yana amana ya senti 25, nayo huitwa Pfand. Usiziponde, kwa maana mashine ya dukani inahitaji kusoma alama iliyo kwenye lebo. Chupa za glasi zisizo na amana hupelekwa kwenye makontena ya mtaani kulingana na rangi: nyeupe, kahawia na kijani, na ya buluu huingia kwenye kijani. Glasi za kunywea maji haziingii humo, kwa kuwa huyeyuka kwa joto tofauti. Usiende huko usiku wala Jumapili, kwani kelele za chupa ni kosa.

Soma maelekezo ya mji wako, uyasome tena, na usingoje mtu aje kukufundisha mlangoni, kwa sababu mgeni ndiye hushukiwa kwanza hata mikono yake ikiwa safi. Na utakapokaribia kuhama, tafuta mapema utaratibu wa mji wa kuondoa godoro na kabati, kwani miji mingi hutaka uombe siku ya kuchukuliwa, na siku hiyo huenda isiwe kabla ya kukabidhi ufunguo.