Umeme wa neva baada ya kuumia uti wa mgongo: uliza kuhusu mikono kwanza

Kila inaposambaa video ya mtu aliyepooza akitembea kwa msaada wa umeme, ndugu wananitumia. Nawaelewa. Mimi niliumia shingoni, neva chache zikasalimika, na sasa nafanya mazoezi nikiwa nimebandikwa pedi za umeme nyuma ya shingo. Ndugu yangu unayetaka kuanza, usitangulize swali la kutembea. Mwambie mtaalamu kitendo kimoja unachokitaka mno: kushika kijiko, kufunga kifungo, kuhama kitandani bila kubebwa.

Jua pia umeme unaopewa ni upi. Kuna unaokaza msuli moja kwa moja, kama ule wa baiskeli za mazoezi; ukizimwa, mguu unatulia. Wa pili unalenga uti wa mgongo wenyewe. Huo haukusogezi. Unaziamsha neva zilizobaki ili amri hafifu ya ubongo ipenye, kwa hiyo amri lazima uitoe wewe. Mimi huwekewa shanga mezani, niziokote kwa kidole gumba na cha shahada, moja moja, huku shingo ikinichonyota. Kuna siku kidole hakiitiki kabisa hadi shanga ya nne au ya tano. Ukilala tu na pedi zako ukisubiri nafuu, unapoteza muda.

Matumaini yapo, tena ya kweli. Mwaka 2024 jarida la Nature Medicine lilichapisha majaribio ya njia hii ya kulenga uti wa mgongo kwa pedi za juu ya ngozi, kwa watu 60 waliopooza mikono na miguu, wengine wakiwa wameumia miaka mingi nyuma. Asilimia 72 waliongeza nguvu na uwezo wa kutumia mikono. Desemba mwaka huohuo Marekani ikaidhinisha kifaa kilichotumika kwenye majaribio hayo. Na yule Mholanzi aliyepooza anayeonekana akitembea kwenye mojawapo ya video hizo, Gert-Jan Oskam, ambaye habari zake zilitoka mwaka 2023, ana vifaa vilivyopandikizwa kwa upasuaji, vinavyounganisha ubongo na uti wa mgongo. Tena alikuwa na miaka ya mazoezi nyuma yake. Hiyo bado ni kazi ya watafiti, na mtu akikuuzia nafasi ya kujaribiwa, mkimbie.

Sasa usalama, na hapa naomba unisikilize sana. Kama jeraha lako liko kifuani juu au shingoni, kichwa kikianza kugonga ghafla na uso kutoa jasho, presha huenda inapanda vibaya. Zima mashine, kaa wima, legeza nguo, angalia kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa. Isiposhuka upesi, hiyo ni dharura ya hospitali. Kagua ngozi chini ya pedi kila unapomaliza, kwa macho au kioo, maana pasipo na hisia ngozi inaungua kimyakimya. Mwenye betri ya moyo (kifaa kilichopandikizwa cha kuongoza mapigo) au mjamzito aseme mapema, kabla hajabandikwa chochote.

Kabla ya siku ya kwanza, jirekodi kwa simu ukifanya kile kitendo ulichochagua. Rudia kila baada ya wiki kadhaa, meza ileile, kikombe kilekile, halafu mkae na mtaalamu wako muamue kama inafaa kuendelea.