Santuri za jazi za Soho zinachacharika: zimekufa?

SWALI: Fundi, shikamoo. Naishi Leicester. Nimenunua kasha la santuri za jazi kuukuu. Saba ni za lebo ya Esquire, nzito, za spidi 78 (mizunguko kwa dakika). Moja ni ya Tempo, kundi la Jazz Couriers, spidi 33. Ya Tempo inalia vizuri, mikwaruzo kidogo tu. Za Esquire zinachacharika kama samaki kikaangoni, na tarumbeta iko kama imefunikwa blanketi. Sindano ni ileile. Je, zimekwisha? Nizisafishe kwa spiriti?

JIBU: Marahaba. Spiriti iweke mbali kabisa. Santuri za 78 za miaka ile kwa kawaida ni za shelaki, ndugu ya lakiri, iliyochanganywa na unga wa mawe, na spiriti huiyeyusha. Nilipokuwa naanza kazi hii niliwahi kufuta moja kwa spiriti. Kitambaa kikatoka cheusi, na ule weusi ulikuwa muziki wenyewe. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa na tone la sabuni ya vyombo, brashi laini, usiloweshe lebo, kisha uikaushe mara moja.

Sasa sindano. Mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu ya ule wa santuri ya 33. Ncha ya sindano yako ina nusu-kipenyo cha mikroni 18 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). 78 inataka kama 70. Hiyo nyembamba inazama hadi sakafu ya mfereji, penye vumbi na unga uliosagwa na sindano za chuma za zamani, wakati muziki uko kwenye kuta. Unachosikia ni uchafu wa sakafuni. Nunua sindano ya 78 inayoingia kwenye kichwa ulicho nacho, yaani kile kinachoshika sindano mwishoni mwa mkono.

Kisha iinamishe santuri chini ya taa. Ukiona ukanda wa kijivu pale muziki unapopaa, kuta zimelika hapo. Bado usikate tamaa. Sindano ya chuma ilikula kwenye kimo kimoja tu cha ukuta, na ncha nene kidogo au nyembamba kidogo hugusa sehemu ambayo haijaguswa tangu santuri itoke kiwandani. Kwa hiyo mezani kwangu zipo ncha za vipimo kadhaa, na kila santuri naijaribia mbili tatu. Siku ile saksafoni inapochomoza safi, huwa nasimamisha kazi nikasikiliza hadi mwisho.

Blanketi lina sababu nyingine. Amplifaya yako inafuata kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za santuri za Marekani, iliyoanza kutumika miaka ya 1950, ambayo hushusha sauti za juu kwa sababu studio zilikuwa zimezipandisha. Santuri nyingi za 78 za Uingereza hazikupandishwa hivyo, kwa hiyo unazishusha bure. Pandisha trebo, yaani sauti za juu, au tafuta priampu (kifaa kinachotangulia amplifaya) yenye swichi ya 78.

Jitihada hiyo inastahili. Esquire ilianzishwa mwaka 1947 na Carlo Krahmer, mpiga dramu, pamoja na Peter Newbrook. Desemba 1948 wanamuziki kumi na meneja mmoja walifungua klabu yao Soho, London, mtaa wa Great Windmill, wakaiita Club Eleven kwa hesabu hiyo. Wapiga saksafoni Ronnie Scott na John Dankworth walikuwemo, na Esquire iliwarekodi wakiwa bado vijana wanaoisaka bibopu, jazi ile ya kasi. Dakika tatu kila upande, hakuna nafasi ya kupoteza. Jazz Couriers, kundi la Scott na Tubby Hayes, lilikuja mwaka 1957: saksafoni mbili za aina ya tenor zikikimbizana bila kugongana.

Hiyo ya Tempo, ikiwa ni toleo la wakati ule, ni ya mono, yaani sauti ya njia moja, si mbili kama stereo. Bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya: kelele zinazotokana na sindano kuruka juu na chini zitaondoana zenyewe, na mikwaruzo uliyoitaja itapungua.