Saa nzuri, muda siuoni

SWALI: Habari za kazi fundi. Binamu yangu karudi likizo kutoka Dubai na saa ya bei mbaya, zile ambazo uso umekatwa unaona mashine yote ndani, akaniachia niivae siku nzima ya harusi. Ni nzuri mno, ila kila nikiulizwa saa ngapi naikodolea macho tu, mishale siioni. Ni macho yangu au ndo zilivyo? Maana na mimi nadunduliza ninunue ya kwangu. Msomaji, Tanga.

JIBU: Macho yako mazima kaka. Hizo ni skeletoni, fundi anachukua msumeno mwembamba kama uzi anatoa chuma chote kisichobeba kitu, halafu kila ukingo anaulaza kwa tupa na kuusugua kwa mkono mpaka uwake, na shida inaanzia hapohapo, ukingo unawaka na mshale nao unawaka, jicho lishike kipi? Halafu sisi mshale mfupi ukiwa kwenye 8 tunasema saa mbili, yaani tumezoea kusoma mkao wa mishale kuliko namba, sasa mishale ikimezwa tumekwisha.

Lakini skeletoni inayosomeka inawezekana kabisa. Audemars Piguet, watengeneza saa wa Uswisi, 2016 walitoa saa yao ya Royal Oak ya wazi yenye magurudumu mawili ya kupiga tik tak kwenye mhimili mmoja, mashine nzito hiyo, ila kwenye ile ya stili mashine wakaifanya kijivu na mishale wakaweka dhahabu yenye wekundu, basi unaiona mara moja. Cartier ndo wamenikosha zaidi, kwenye saa yao ya Santos vile vipande vinavyoshika magurudumu wamevichonga vikawa vyenyewe ndo namba za Kirumi, ukitazama mashine umeshatazama namba, na kwenye toleo lake liitwalo Noctambule vipande hivyohivyo vinang'aa gizani.

Ukienda dukani usiipime chini ya taa zao, chini ya zile taa kila kitu kinapendeza. Sogea kwenye kivuli, nyoosha mkono, tupia jicho mara moja tu kisha tazama pembeni, kama hujajua saa ngapi irudishe. Na ncha ya mshale wa dakika iangalie vizuri, inafika kwenye vistari vya dakika au inaishia katikati ya magurudumu? Mimi ikiishia katikati sinunui, hata wanipunguzie nusu bei.