Kampuni ya redio zetu inanunuliwa, tuhame au tutulie?

SWALI: Za kazi mhariri. Mi ni fundi kwenye kampuni ndogo inayorusha intaneti kwa redio toka mnarani mpaka kwa wateja. Tumesikia watengenezaji wa redio tunazotumia wananunuliwa na kampuni kubwa zaidi, bosi anasema sisi hayatuhusu, mi naona balaa linakuja. Nani yuko sahihi? Na kwanini wakubwa wananunua wenzao badala ya kutengeneza vya kwao?

JIBU: Za kazi fundi. Bosi wako yuko sahihi kwa leo, we uko sahihi kwa mbele ya safari. Redio haizimiki eti kwa sababu mwenye kampuni kabadilika, kinachobadilika ni apdeti, leseni, na nani anapokea simu yako kifaa kikigoma.

Swali lako la pili ndo lenye jibu la la kwanza. Anayenunua anaweza kuwa anataka mainjinia, au hataza, au wateja, au anataka tu mshindani apungue sokoni, na hapo ndo unajua kama redio zako ataendelea kuzitunza. Mcheki Ruckus, mtengenezaji wa vifaa vya Wi-Fi: 2016 alinunuliwa na Brocade, kampuni ya vifaa vya mtandao, kwa zaidi ya dola bilioni 1, kabla hata hajazoea Broadcom akaja kumchukua Brocade mzima, ila Broadcom anauza chipu kwa hao hao wanaoshindana na Ruckus, angemwekaje ndani? Akamuuza Ruckus kwa Arris kwa dola milioni 800, afu 2019 Arris naye akamezwa na CommScope. Wenye mali wanne ndani ya miaka mitatu, na jina Ruckus likabaki kwenye vifaa, manake vilikuwa vinauzika.

Navini, aliyekuwa akitengeneza vifaa vya intaneti ya redio, hakubahatika hivyo. Cisco alimnunua 2007 kwa dola milioni 330 ili aingie kwenye WiMAX, teknolojia ya intaneti ya redio toka mnarani, LTE (ile 4G ya simu) ikaja ikalibeba soko, 2010 Cisco akaacha kutengeneza vituo vya mnarani vya WiMAX. Aliyevifunga akabaki navyo.

Kununuliwa sio lazima kuwe kifo lakini. Motorola alipouza kitengo chake cha redio za intaneti za Canopy 2011 kikawa kampuni inaitwa Cambium, na huyo Cambium ndo alifanya kituko ambacho mi nakipenda mpaka leo: akatoa programu inaitwa Elevate, unaipakia kwenye redio ya mshindani wake Ubiquiti iliyoko juu ya paa la mteja, inaanza kuongea na kituo cha Cambium mnarani, yaani unatoka Ubiquiti unahamia Cambium bila kupanda paa hata moja. Ubiquiti akaenda mahakamani 2018, wakamalizana 2021. Unaona walikuwa wanagombania nini, sio bati na antena, ni programu iliyo ndani.

Serikali nazo huingilia, Marekani ilimshtaki HPE Januari 2025 asimnunue Juniper, wote wauza vifaa vya mtandao, kwa dola bilioni 14, dili ikapita mwaka huo huo kwa masharti, mojawapo auze biashara yake ya vifaa vya Wi-Fi vya Instant On.

Sasa we redio zilizoko mnarani usiziguse. Muulize msambazaji wako kwa maandishi modeli zako zitapata apdeti za usalama mpaka lini, na kama leseni itahitaji akaunti mpya kwa mmiliki mpya. Oda ya mnara mwingine isubiri jibu hilo, na asipojibu, anza kujaribu redio za mwingine kwa wateja wachache.